Nikipunguza huduma, nimeukataa msalaba?

SWALI: Shalom mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, na ni katibu wa umoja wa akina mama katika usharika wetu hapa Morogoro. Kukiwa na msiba, mimi ndiye wa kwanza kufika jikoni na wa mwisho kuondoka. Akija mgeni wa dayosisi, napigiwa simu mimi. Mwezi wa nane tulikuwa na harambee ya kuezeka kanisa, majina yanasomwa kwenye kipaza sauti, nikajikuta nimeahidi laki tano. Laki tatu nimeshatoa, nimezichota kwenye ada ya binti yetu aliyeko shule ya bweni, na mume wangu hajui. Si mtu wa fujo, lakini ameanza kuulizia stakabadhi. Halafu kuna bibi jirani aliyepooza, naenda kumwogesha kila asubuhi kabla sijafungua duka. Huyo sijawahi kumchoka. Ila simu ya mwenyekiti ikiita, roho inaniuma, natamani niizime. Kwenye semina mhubiri alisema, "Upendo ukianza kuhesabu, umeshakufa." Tangu hapo sina raha. Je, upendo wangu ulikuwa wa kinafiki? Na nikipunguza huduma, nimeukataa msalaba?

JIBU: Dada yangu, Bwana asifiwe. Nianze na huyo mhubiri, maana ndiye aliyekunyima raha.

Maneno yake yana asili. Katika 1 Wakorintho 13:5 Paulo anaandika kwamba upendo "hauhesabu mabaya". Kisichohesabiwa pale ni mabaya uliyotendewa: nani alikusema, nani hakukushukuru, nani alikula wali uliopika akaondoka bila hata kuaga. Gharama ina hesabu yake nyingine. Fungua Luka 14. Mstari wa 27 Bwana Yesu anasema asiyeuchukua msalaba wake hawezi kuwa mwanafunzi wake. Mstari wa 28, papo hapo, anauliza ni nani atakayetaka kujenga mnara asiketi kwanza akahesabu gharama, kama anavyo vya kuumalizia. Msalaba na hesabu vimewekwa bega kwa bega na Bwana mwenyewe. Mhubiri akichukua mstari mmoja akauacha wa pili, watu waaminifu kama wewe ndio wanaoumia, kwa sababu wale wavivu hata semina hawaji.

Sasa tuje kwenye msalaba. Nadhani umefundishwa kwamba kuubeba ni kukubali kila kinachokujia. Lakini mwangalie Yesu alivyoenenda. Watu wa Nazareti walipomtoa nje ya mji wakamfikisha ukingoni mwa kilima ili wamtupe chini, alipita katikati yao akaenda zake. Yohana 7 inasema hakutaka kutembea Uyahudi kwa kuwa huko walikuwa wakitafuta kumwua. Sura ya 10 wakataka tena kumkamata, akatoka mikononi mwao. Yule aliyekufa Golgota alikwepa kifo zaidi ya mara moja, na hakuna mwinjili aliyeona haya kuliandika hilo. Kisha usiku ule bustanini, walipokuja na taa na silaha, ni yeye aliyetokea mbele akawauliza, "Mnamtafuta nani?", akawaambia kama wanamtafuta yeye, wawaache wenzake waende zao.

Kabla ya usiku huo alikuwa ameshasema juu ya uhai wake: "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe" (Yohana 10:18). Hapa ndipo ninapotaka usimame. Sadaka ina mwenyewe. Anaitoa mtu aliye huru kuizuia. Kitu ulichokitoa kwa aibu, kwa kuogopa kusemwa, au kwa sababu kipaza sauti hakikukupa nafasi ya kufikiri, huenda kimelifaa kanisa, na mabati yamepatikana. Lakini usikiite msalaba, na usijilaumu kwamba moyo wako hauoni furaha ya kutoa. Moyo haukuulizwa.

Nikupe mfano wa karibu kidogo. Twende Gulu, kaskazini mwa Uganda. Dkt. Matthew Lukwiya alikuwa msimamizi wa hospitali ya St. Mary's Lacor, hospitali ya misheni ya Kikatoliki iliyofanya kazi miaka yote ile ya vita kati ya serikali na waasi. Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi walikuja hospitalini kuwateka masista wa Kiitaliano. Akawashawishi wamchukue yeye badala yao, wakamtembeza porini kwa wiki moja kabla ya kumwachia. Mtu wa namna hiyo hahitaji semina ya kujitoa.

Oktoba 2000 alikuwa Kampala masomoni alipopigiwa simu: wagonjwa wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka, na wanafunzi wa uuguzi nao wameanza kufa. Akarudi Lacor, akakesha akipitia mafaili, akashuku Ebola kabla maabara haijathibitisha. Na angalia alichokifanya kwanza. Hakuwaambia wauguzi waende kwa imani wakiwa mikono mitupu. Alitenga wadi. Akasimamia mavazi ya kinga: kofia, barakoa, gauni, glavu, buti. Kazi ya wadi ile ikawa ya waliojitolea.

Pamoja na yote hayo wahudumu waliendelea kuambukizwa na kufa. Ilipofika mwishoni mwa Novemba wafanyakazi walikusanyika wakiwa na hofu, na hasira pia, wengine wakitaka kuacha kazi. Alizungumza nao kwa saa nyingi. Anayetaka kuondoka alikuwa huru kuondoka, yeye alibaki. Wakarudi wadini. Inaaminika kwamba yeye mwenyewe aliambukizwa alipokimbilia kumsaidia muuguzi mwenzake aliyekuwa mahututi, akitokwa na damu, bila kuvaa kinga ya macho. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiacha mke na watoto watano. Mlipuko ule ulikuwa na wagonjwa 425, na 224 kati yao walikufa.

Sikusimulii haya ili ujione mdogo. Habari za mashujaa wa imani tunazisimulia vibaya sana makanisani: tunaruka hadi kifo, tunaacha glavu. Mtu yuleyule aliyekuwa tayari kufa ndiye aliyekazania nani amevaa nini kabla ya kuingia wadini. Na wale walioogopa hakuwaambia kwamba upendo wao umekufa. Aliwaacha huru, na uhuru huo ndio ulioifanya kazi yao kuwa sadaka. Angewafungia mlango, tungekuwa na hospitali yenye wauguzi, lakini huduma hiyo wasingekuwa wameitoa wao.

Turudi kwako. Umeandika jambo ambalo sidhani uliona uzito wake. Kumwogesha mtu mzima aliyepooza ni kazi ngumu kuliko kupokea mgeni wa dayosisi. Maji ya moto, kumwinua, kumkausha, shuka zilizolowa za kufua kabla hujafungua duka. Hapo hapana meza kuu, hapana wa kukupigia makofi. Hiyo hujaichoka. Unachoka na kazi zenye heshima zaidi! Kwa hiyo tatizo lako halitokani na uvivu, wala upendo haujakwisha. Kwa bibi unajua unampenda nani. Ukikosa kwenda, unamwona usoni. Kwenye sufuria za msibani umekuwa kama sehemu ya vyombo vya kanisa: turubai, viti, masufuria, na wewe. Wenzako wamekaa chini ya turubai wanasubiri chakula, na hakuna anayekumbuka kwamba ulitoka nyumbani alfajiri.

Hasira unayoisikia isikutishe. Hesabu 11 ina sala ya mtumishi aliyechoka ambayo sisi wachungaji huwa hatuisomi ibadani. Musa anamwuliza Mungu kama ni yeye aliyewachukua mimba watu hawa wote hata awabebe kifuani kama mlezi anavyombeba mtoto anyonyaye. Anasema mzigo umemshinda, na kama ndivyo atakavyotendewa, basi afadhali Mungu amwue tu. Ungetegemea karipio. Jibu la Mungu ni kwamba Musa amkusanyie wazee sabini, na hao watauchukua mzigo pamoja naye. Hasira ya Musa ilikuwa taarifa, na Mungu aliipokea kama taarifa.

Unauliza kama upendo wako ulikuwa wa kinafiki. Warumi 12:9 inasema, "Pendo na lisiwe na unafiki," kwa hiyo ni swali halali na sitalikwepa. Kuchoka si unafiki. Kukasirika si unafiki. Lakini simu ikiita, unamwambiaje mwenyekiti? Nadhani unasema, "Sawa mama, nakuja, hakuna shida," kwa sauti tamu, huku roho inakuuma. Hapo ndipo palipoingia chembe ya unafiki, mahali ambapo wewe ulidhani ndipo penye upendo. Mwenyekiti anaamini unafurahi. Hawezi kukuhurumia kwa jambo asilolijua. Wengi wanaotutwisha mizigo si watu wabaya; wamezoea tu kwamba tukiitwa tunaitika.

Sasa ada. Hapa lazima niwe mkali kidogo, na unisamehe. Daudi alipotaka kujenga madhabahu kwenye uwanja wa Arauna Myebusi, Arauna alijitolea kumpa kila kitu bure: uwanja, ng'ombe, hata kuni. Daudi akakataa, akasema hatamtolea Bwana Mungu wake sadaka ambazo hakuzigharimia, akanunua kwa shekeli hamsini za fedha (2 Samweli 24). Laki tatu ulizotoa zimemgharimu nani? Zimemgharimu binti yako, ambaye huenda akarudishwa nyumbani kwa kudaiwa, na zimemgharimu baba yake, ambaye hakushirikishwa. Wewe umepata kusomwa jina. Hilo ni chungu kuliandika, lakini ni heri ulisikie kwangu kuliko ulisikie kwenye ofisi ya mhasibu wa shule. Yesu aliwagombeza watu wa dini wa siku zake kwa jambo la jamaa hiyo: mtu anakitangaza kitu kuwa Korbani, wakfu kwa Mungu, na wazazi wake waliopaswa kufaidika nacho wanabaki mikono mitupu (Marko 7). Kukipeleka kitu madhabahuni hakuwafuti watu waliokuwa na haki nacho.

Mwambie mumeo. Usingoje akute pengo kwenye stakabadhi. Mwambie usiku, watoto wamelala, kwa maneno machache: niliahidi bila kukushirikisha, nilichukua kwenye ada, nimekosa, tulipange. Usianze na mhubiri, wala usianze na kipaza sauti, hata kama vina mchango wao; akisikia sababu kwanza, atasikia kwamba unajitetea. Pengine atanyamaza siku mbili tatu. Vumilia ukimya huo bila kuujaza maelezo.

Najua pia kuna wanaotufundisha siku hizi kwamba dawa ya kila uchovu ni kujipenda kwanza na kujiwekea mipaka. Sikuongozi huko. Wako waliokwenda mpaka mwisho, nasi tunawaheshimu: mwaka 1995 kule Kikwit, katika Kongo iliyoitwa bado Zaire, masista sita wa Kiitaliano wa shirika la Bergamo walikufa kwa Ebola wakiwahudumia wagonjwa. Ukristo usiogharimu chochote hautofautiani na uanachama wa kikoba. Itakuja siku ambapo kumpenda mtu kutakutaka usingizi, fedha, jina, pengine zaidi ya hapo, na siku hiyo sitaki ukumbuke jibu langu kama kisingizio. Ninachosema ni kwamba hiyo siku uwe na kitu cha kutoa. Epafrodito, yule mjumbe wa Wafilipi, aliugua karibu kufa kwa ajili ya kazi ya Kristo. Paulo alimfanyaje alipopona? Alimrudisha nyumbani, akaandika kwamba Mungu amemhurumia Epafrodito, naye Paulo pia, asiwe na huzuni juu ya huzuni, akaagiza wamheshimu. Paulo alimhitaji sana, maana alikuwa kifungoni. Hakumbakiza.

Kuhusu ukatibu, usijiuzulu kwa hasira. Nenda kwa mwenyekiti nyumbani kwake, usimwandikie ujumbe kwenye simu, na umwambie ukweli ambao hajawahi kuusikia: nimechoka, jikoni peke yangu siwezi. Peleka na pendekezo, la sivyo mtaishia kuoneana huruma tu. Misiba igawanywe kwa zamu za jumuiya, kila jumuiya na mwezi wake, na ile yenye zamu ndiyo ipike. Uandishi wa kumbukumbu ubaki kwako kama unaupenda. Wageni wa dayosisi wapewe mtu mwingine kabisa, na hapo kuna akina mama wanaotamani kazi hiyo kwa siri, waulize. Mwezi wa kwanza chakula kitachelewa, wali utaungua, na mtu atasema, "Angekuwepo fulani…" Usikimbie kuokoa jahazi. Matendo 6 mitume walipoona huduma ya meza imewaelemea na wajane wengine wanasahauliwa, walilieleza kanisa zima na watu saba wakachaguliwa. Kanisa halikufa kwa hilo. Mstari wa 7 unasema neno la Mungu likaenea.

Zimebaki laki mbili za ahadi, na ninajua zinakunyima usingizi kuliko unavyosema, kwa sababu ya Mhubiri 5: afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Andiko hilo watu hulikariri, lakini ni wachache wanaofungua Mambo ya Walawi 27:8. Pale sheria inashughulika na mtu aliyeweka nadhiri kisha ikaonekana ni maskini, kiwango kilichowekwa hakiwezi. Hafukuzwi, wala hatangazwi. Anapelekwa mbele ya kuhani, na kuhani anamkadiria upya kwa kadiri ya uwezo wake. Paulo anakwenda njia hiyohiyo katika 2 Wakorintho 8: nia ikiwepo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, wala hataki wengine wapate raha nanyi mpate dhiki. Kwa hiyo, ukishazungumza na mumeo, nendeni wote wawili kwa mchungaji wenu. Mwelezeni mlichonacho. Ahadi ipunguzwe au isogezwe hadi ada ya binti ikamilike. Mchungaji akikushinikiza baada ya kujua fedha ilikotoka, mwonyeshe Walawi, kwa adabu.

Na bibi? Huyo usimpunguze. Ila kuna jambo moja la kitabibu ambalo wauguzi wangekwambia: mtu aliyepooza asipogeuzwa, ngozi inakufa pale inapogandamizwa, hasa makalioni na visiginoni, na kawaida hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Wewe unakwenda asubuhi. Mchana anageuzwa na nani? Kabla ya kuitwa msiba mwingine, peleka swali hilo kwenye jumuiya yenu. Wapishi wa misibani wapo wengi, wa kumgeuza bibi mchana hayupo. Anza na wawili wanaokaa mtaa huohuo, uwaonyeshe mwenyewe namna ya kumwinua kwa shuka bila kumburuta, maana kumburuta ndiko kunakochuna ngozi.